Godoro Juu ya Samadi

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu anakuja! Amepiga simu mchana nikiwa napiga pasi shati ambalo sina pa kwenda nalo. Amepata likizo, wiki nzima, na ataimalizia hapa nyumbani kuanzia Jumamosi ya tarehe 23. Nikamuuliza kama ni wiki nzima kweli au wiki ya maneno. Akacheka. Akasema, tutaona, Baba.

Tutaona! Neno hilo nimelitafuna jioni yote. Mara ya mwisho alikuja kwa siku nne, akaondoka siku ya pili. Alisema kazi imemwita. Mimi nimefundisha sayansi tangu nikiwa na nywele, na najua kila tokeo lina chanzo chake. Chanzo nakijua: bustani. Enzi za marehemu mama yake, uani kulikuwa na spinachi, vitunguu, nyanya na watu. Majirani walikuja kuchuma, wakakaa, wakasahau kuondoka. Mke wangu akafariki, bustani ikakauka, watu wakakoma kuja. Kwa hiyo bustani ikirudi, watu watarudi. Hoja safi kabisa. Mwanafunzi angeiandika hivyo ningempa alama zote.

Azimio: binti yangu ataikuta bustani ya mama yake, na atakaa wiki nzima.

Bi Mkaguzi asijue. Huyu ni jirani yangu wa upande wa pili wa ua, mkaguzi wa shule aliyestaafu. Siku moja alikaa nyuma ya darasa langu, kisha akasema mbele ya walimu wenzangu kwamba nimejibu maswali mengi sana ambayo hakuna aliyeyauliza. Siku hizi ana vitalu vya matofali, spinachi zake zina majani mapana kama masikio ya tembo, na kila jioni nasikia vicheko vya watu kwake. Sina kinyongo. Nasema tu kwamba matofali si kitu cha kujivunia.

Jumanne, 5 Machi

Nieleze kwanza, kwa faida ya atakayesoma. Hakuna atakayesoma, lakini mwalimu hawezi kuanza bila utangulizi. Kitalu cha kuinuliwa ni kama sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko. Unaliweka juu ya ardhi, unalijaza udongo, mboji na samadi. Maji hayatuami, mizizi inapumua, na mzee haumwi kiuno.

Tatizo ni mbao. Seremala amenitajia bei ya mtu anayejenga ghorofa. Nikarudi nyumbani, nikazunguka vyumba vyote nikitafuta mbao. Kimya. Nyayo zangu tu. Nikafungua chumba cha binti yangu, na jibu likawa limejilaza mbele yangu.

Kitanda chake! Mbao ngumu, ndefu, zimepigwa randa vizuri, na hakuna aliyezilalia tangu aondoke. Nimekiondolea miguu na chaga, nikakitoa nje vipande vipande, nikakiunga tena chini uani. Kimekaa kama kilizaliwa kwa kazi hiyo. Ubao wa kichwani una kipepeo aliyemchora kwa kalamu ya wino akiwa mdogo. Kipigo kidogo alichopata siku ile bado nakijutia. Kipepeo ni mzuri. Nimemgeuzia upande wa ndani asifutwe na jua.

Binti atalala wapi? Nimelifikiria hilo. Godoro lipo. Atalitandika sakafuni. Madaktari wanasema sakafu ni nzuri kwa mgongo. Nadhani wanasema.

Alhamisi, 7 Machi

Samadi imefika! Imeletwa na Muuza Maziwa, yule mwenye ng'ombe nje kidogo ya mji, kwenye gari lake la mizigo ambalo honi yake ndiyo sauti ya kwanza ninayoisikia kila asubuhi. Mzigo mzima, na magunia ya samadi ya kuku kama nyongeza, maana anafuga na kuku.

Akaanza kunifundisha. Mimi! Akasema hii ni ya jana na leo, Mwalimu, bado ina moto, ilaze miezi kadhaa ipoe ndipo uitie kwenye mboga. Nikamtuliza. Nikamuuliza yeye maziwa yake anayauza yakiwa na umri gani. Akasema ya alfajiri hiyohiyo. Nikamuuliza kama kuna mteja aliyewahi kumwomba maziwa ya miezi mitatu iliyopita. Akakuna kichwa.

Kisha akasema maziwa na mavi ni vitu viwili, Mwalimu, na hata ng'ombe anajua, ndiyo maana ameviwekea milango tofauti.

Nikamwambia huo si ushahidi. Nikaanza kumweleza habari ya naitrojeni, jinsi inavyopotea hewani kadiri samadi inavyokaa, hivyo anayesubiri anakula makapi. Nilikuwa sijafika katikati. Gari likawashwa, akatoa mkono dirishani, akasema haya, Mwalimu, haya, na gari likaondoka na kichwa chake kikiwa bado kinaitikia.

Kitalu nimekijaza chote. Udongo kidogo chini, udongo kidogo juu, samadi katikati. Tele!

Ijumaa, 8 Machi

Harufu ipo. Sitaki kuwa mtu wa kukataa mambo. Imeingia kwenye mapazia, kwenye chai, na kwenye shati nililolipiga pasi.

Lakini kuna dalili njema. Kila jirani aliyepita leo nje ya lango amesimama na kutazama kwangu. Wiki iliyopita walipita bila hata kugeuza shingo.

Jumapili, 10 Machi

Leo ni mboji. Mboji ni chakula cha udongo: majani makavu, maganda, mabaki ya jikoni, samadi kiasi, maji kiasi. Unarundika, unageuza, inaoza kwa adabu mpaka inanukia kama msitu baada ya mvua. Inahitaji vitu viwili ambavyo sina. Cha kwanza ni muda. Nimeamua kutoujali. Cha pili ni maganda.

Mtu mmoja hatoi maganda ya kutosha! Hili sikulijua mpaka leo. Nimekula viazi asubuhi, viazi mchana na viazi jioni, na maganda yote hayakujaza kofia. Nyumba ilipokuwa na watu tulikuwa tunayatupa, ndoo kwa ndoo, bila kufikiri.

Nikavaa shati, nikaenda kubisha kwa Bi Mkaguzi. Nimekula kiburi changu pamoja na viazi. Barazani kwake kulikuwa na watu, wamekaa na vikombe, wanasikilizana. Akasema karibu, Mwalimu, mbona umepotea hivyo, kiti hicho hapo. Nikasema nimefuata maganda tu. Akasema maganda yapo, kaa basi upate chai wakati nayakusanya. Nikamweleza kwamba siwezi kukaa kwa sababu uwiano wa kaboni na naitrojeni hausubiri mtu. Akanitazama kidogo, akaniletea ndoo. Imejaa pomoni. Nikaondoka haraka kabla hawajanichelewesha.

Rundo limekuwa zuri sana, limefika kiunoni. Sasa rundo ili lioze upesi lazima lihifadhi joto, na ili lihifadhi joto lazima lifunikwe na kitu kizito na kinene. Nimejaribu gunia, ni jepesi. Nimejaribu turubai, limepaa na upepo. Nikaingia ndani kufikiri. Nikafikiri kwenye chumba cha binti yangu, kwa kuwa siku hizi kina nafasi. Pale chini palikuwa na godoro lake, limekaa bure. Godoro lisilo na kitanda linafanya kazi gani? Hakuna.

Limetosha rundo kama kofia.

Jumanne, 12 Machi

Alfajiri kitalu kilikuwa kinatoa mvuke! Nimesimama pale na kikombe changu nikaangalia mvuke unavyopanda, nikajisikia kama mtu mwenye mashine. Nimetia mkono ndani. Vuguvugu kama mkate. Hapo nikamsikitikia Muuza Maziwa, maana ameshinda na ng'ombe maisha yote na hajui kwamba mmea, kama mtu, hupenda kulala mahali penye joto.

Nimepanda miche ya spinachi, mistari iliyonyooka kama darasa la kwanza siku ya mkaguzi. Nimezungumza nayo kidogo. Inasikiliza vizuri sana.

Binti kapiga simu jioni. Akauliza naendeleaje. Nikamweleza habari za mvua, mbu, na umeme kukatika. Sikugusia kitalu, ni siri. Akauliza tena, hapana, Baba, wewe, wewe mwenyewe unaendeleaje? Nikamwambia mvua ni nzuri.

Ijumaa, 15 Machi

Majani yamekuwa ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa. Nimechunguza. Nimetafakari. Ni njaa. Mche ukibadilika rangi unaomba chakula. Nikaloweka samadi ya kuku kwenye ndoo, nikakoroga, nikaimwagilia miche yote. Nyuki wawili waliokuwa wanapita wamebadilisha njia.

Bi Mkaguzi akachungulia juu ya ua. Akasema, Mwalimu, hizo zinaungua, samadi ni mbichi, zitoe leo hii uzihamishie kwenye udongo mtupu, mimi nitakupa mboji yangu ya mwaka jana. Akaniambia ana gunia zima, limepoa, jeusi, nije tu nichukue. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba ukiona kahawia kwenye udongo unasema rutuba, sasa kwa nini ukiiona kwenye jani useme ugonjwa? Akasema haya, binti anafika Jumamosi ya wiki ijayo, si ndiyo?

Amejuaje! Nikamuuliza. Akasema huwa wanazungumza. Kwenye simu. Mara kwa mara. Anamuuliza habari zangu!

Nimeingia ndani nikakaa. Kwa nini asiniulize mimi? Halafu nikakumbuka kwamba huniuliza. Nikakumbuka ninavyomjibu. Nikahisi kuna jambo pale, nikalisogelea, karibu nilishike, lakini ndoo ilikuwa inahitaji kukorogwa.

Jumatatu, 18 Machi

Siku kubwa! Wageni!

Saa kumi alasiri nimesikia watu langoni. Nikafungua. Majirani, kundi zima! Mwenye duka la dawa, fundi cherehani na mkewe, mama mwenye mapacha, wengine hata sura zao nilikuwa nimezisahau. Nikasema jamani, karibuni, karibuni! Nikatoa viti vyote. Havikutosha, nikatoa na stuli ya bafuni. Tangu msiba uwanja huu haukuwa na watu wengi hivyo. Nikataka kuweka chai, wakasema hapana, Mwalimu, hatukai.

Msemaji wao alikuwa fundi cherehani. Alizungumza akiwa ameshika leso puani, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Alisema wanaheshimu umri wangu. Alisema wanaheshimu elimu yangu. Alisema wateja wake wanakuja kupimwa suruali wanaondoka bila kupimwa. Mama wa mapacha akasema watoto wake wanakula wamefumba macho. Mwenye duka la dawa akasema watu wanaingia kwake kumwomba dawa ya harufu, na yeye hana dawa ya harufu ya mtu mwingine.

Nikawaambia nimewasikia. Nikawaomba wakae ili nieleze. Nikaanzia mbali, kwenye mzunguko wa naitrojeni, ili wapate msingi. Nikachora chini kwa kijiti ng'ombe, nyasi, mawingu. Walipokuwa wamesimama wamekunja mikono nilidhani wanafuatilia. Nilipoinua kichwa kabla ya kuchora bakteria, mama wa mapacha alikuwa ameondoka. Nilipomaliza bakteria, mke wa fundi alikuwa ameondoka. Nilipofika kwenye mizizi alibaki mwenye duka la dawa, na yeye alikuwa amenaswa nguo na msumari wa stuli. Nikamnasua. Akasema asante, Mwalimu, iondoe upesi basi hiyo samadi, akakimbia.

Viti nimeviacha nje mpaka magharibi. Kwa kuviangalia tu.

Hata hivyo nimeandika hapa, kwa ukweli wa kisayansi: wageni, kundi zima, bustani ikiwa na siku chache tu. Hoja yangu inathibitika.

Alhamisi, 21 Machi

Spinachi zimekufa. Zote. Zimelala mstari kwa mstari, kwa utaratibu. Hata kufa zimekufa kama nilivyozipanga.

Nimekaa ukingoni mwa kitalu mchana kutwa. Binti anafika keshokutwa. Ataona kitalu cheusi chenye mvuke, atasema kazi imemwita.

Mpango wa pili!

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda sokoni kabla halijachangamka. Nikamwambia mama wa mboga anipe spinachi zote zenye mizizi. Akasema leo zipo zilizokatwa tu, zimefungwa mafungu, mzee una sherehe? Nikasema ndiyo, nina sherehe. Nikarudi nikazipanda. Fungu kwa fungu, nimezizamisha mpaka shingoni ili kamba isionekane. Nikanyunyizia maji juu kidogo, yaonekane kama umande. Nikasimama mbali. Mama yake angelia kwa furaha. Angelia kwa jambo fulani.

Binti akafika mchana. Amekonda kidogo, au nimesahau. Akanikumbatia bila kuvuta pumzi, akasema shikamoo, Baba, kupitia mkono wa blauzi. Nikasema marahaba, mama, njoo uone! Sikumpa hata nafasi ya kuweka begi.

Akaiona. Akasimama. Macho yakamjaa maji. Inawezekana ni harufu. Akasema Baba, hizi umezipanda mwenyewe? Nikasema kwa mikono hii. Sikusema uongo. Akapiga magoti, akashika shina moja achume kama alivyokuwa akichuma na mama yake, akavuta.

Likatoka fungu zima. Na kamba.

Akaliangalia. Akavuta la pili. Kamba. La tatu. Kamba. Nikaanza kumweleza kwamba ni aina mpya, inayojifunga yenyewe. Akaketi chini, akacheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka, na ule uwanja ukawa na sauti za watu wawili. Nikajua atakaa wiki nzima! Nilijua hivyo kwa muda wa kama nusu dakika, kwa sababu baadaye alisimama, akajipangusa magoti, akabeba begi akaenda chumbani kwake.

Akarudi mlangoni. Akauliza, Baba, kitanda changu kiko wapi?

Nikamwonyesha dirishani.

Akatazama nje kwa muda. Akauliza, na godoro?

Nikamwonyesha dirishani tena, kushoto kidogo.

Safari hii hakucheka. Akakaa kwenye sakafu ya chumba kitupu, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akikaa akinuna utotoni. Nikamwambia alale kwenye kitanda changu, mimi nitalala kwenye kochi. Akasema hawezi kumtoa baba yake kitandani. Nikamwambia basi yeye alale kwenye kochi. Akalinusa kochi. Akasema Baba, jamani.

Hapo sauti ya Bi Mkaguzi ikaja kutoka juu ya ua, tamu kama asali, kwamba kwake kuna chumba, kuna kitanda, kuna chandarua, na mtoto asipate tabu. Alikuwa anasikiliza! Mwanamke huyu ameacha kukagua shule, hajaacha kukagua.

Binti amekwenda kulala kwa Bi Mkaguzi.

Jumapili, 24 Machi

Amekuja asubuhi na chupa ya chai na mkate. Tumekaa ukingoni mwa kitalu, kwenye ubao wa ubavuni wa kitanda chake. Akapasua mkate akanipa kipande kikubwa, kama mama yake.

Akaniuliza kama nalala vizuri. Nikamweleza kwa nini rundo linahitaji kugeuzwa kutoka nje kwenda ndani. Akaniuliza kama nakula. Nikamwambia viazi, kwa ajili ya maganda. Akaniuliza, polepole, siku ikiisha, Baba, unakuwa umezungumza na nani?

Swali zuri sana. Nikamwambia katika konzi moja ya mboji kuna viumbe wengi kuliko watu wa mji huu wote. Wanakula, wanazaliana, wanatoa joto, hawalali. Kwa hiyo siko peke yangu hata kidogo.

Akaweka kichwa begani kwangu. Nadhani alikuwa amechoka na safari. Nikakaa bila kusogea nikaendelea kumweleza kuhusu minyoo.

Jumatatu, 25 Machi

Binti ameomba leo jioni nivae shati twende wote kwa Bi Mkaguzi kunywa chai. Watu wote wa mtaa watakuwepo. Ameshawaambia, kiti changu kimewekwa. Amesema hilo tu ndilo analotaka kwenye likizo yake yote, kukaa na mimi mahali penye watu, jioni moja.

Nilitaka! Shati nililitoa. Lakini nikapima joto la rundo, na lilikuwa linashuka. Rundo likishuka lazima ligeuzwe siku hiyohiyo. Nikamweleza. Nikamwambia aende tu, nitakuja nikimaliza. Akasema rundo litakuwepo kesho, Baba. Nikamwambia hapo ndipo watu wengi hukosea.

Nimegeuza karibu na ua, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Binti yangu anasimulia vizuri. Alisimulia habari ya spinachi zenye kamba. Aliigiza sauti yangu, inayojifunga yenyewe, na watu wakaangua kicheko, lakini kicheko kizuri, cha watu wanaompenda mtu. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo. Nilisimama na koleo mkononi nikasikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema kamba ilikuwa ya mgomba. Ilikuwa ya katani! Nikapaza sauti kutoka upande wangu kurekebisha. Halafu fundi cherehani akasema, eh, Mwalimu, kumbe uko hapo, ruka ua basi, njoo! Na wengine wakaitikia, njoo, Mwalimu! Hata mama wa mapacha nilimsikia.

Nikasema nina kazi.

Jumatano, 27 Machi

Anaondoka leo. Likizo ilikuwa mpaka Jumamosi. Hakusema kazi imemwita. Safari hii hakusema sababu yoyote, na mimi niliyezoea kutoa sababu sikuwa na ya kumpa.

Amefua mapazia. Amepika chakula cha siku mbili. Amelitoa godoro juu ya rundo, akaliegemeza ukutani likapigwa na jua, akalitazama, akalilaza chini tena.

Langoni akanishika mkono. Ulikuwa na samadi; akaushika hivyohivyo kwa mikono yake yote miwili. Akasema, Baba, mimi sikuja kwa ajili ya spinachi.

Nilitaka kusema jambo. Lilikuwa kubwa. Nikamwambia aangalie, hapo langoni kuna tope. Akasema ameliona. Akapanda gari la Muuza Maziwa, aliyekuwa anaelekea stendi, na dirisha lilikuwa wazi, na alinipungia mpaka kwenye kona.

Bi Mkaguzi alikuwa langoni kwake. Akaniambia jioni kuna chai, Mwalimu. Nikamshukuru, nikamwambia leo haitawezekana.

Alhamisi, 28 Machi

Sikulala. Nimelirudiarudia neno lake, upande huu na upande huu, kama mtu anayegeuza rundo. Sikuja kwa ajili ya spinachi. Asingelisema bure, ni mtoto wangu, anapima maneno. Alikuwa ananifundisha jambo, na mwalimu mzuri hujua kufundishwa.

Alfajiri nikaelewa! Nikainuka nikakaa kitandani nikicheka peke yangu. Hakuja kwa ajili ya spinachi. Ni kweli kabisa. Nani husafiri mwendo wote ule kwa ajili ya spinachi? Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na nalikiri hapa waziwazi.

Anapenda nyanya.

Muuza Maziwa amepita na honi yake, nimemwagiza mzigo mwingine. Mbichi zaidi, maana nyanya zinakula sana. Akasema haya, Mwalimu, haya, akaniuzia maziwa. Nimeanza kuchimbua kile kitalu saa hiyohiyo. Nitaweka samadi nyingi mara mbili, na mpaka atakapokuja tena kutakuwa na nyanya za kujaza uwanja, na atakaa wiki nzima, pengine mbili.

Simu imelia ndani nikiwa nimezama mpaka viwikoni. Ikakata. Ikalia tena, muda mrefu. Lazima ni yeye, anataka kunijulisha amefika salama na kuniuliza naendeleaje. Sikuweza kuipokea, mikono ilikuwa michafu. Nitampigia nikimaliza hapa, kesho au Jumapili. Nina mengi ya kumweleza.